Mwisho Anao Shahidi

Nyumba ya Pembeni,
Mtaa wa Mafundi,
Nyuma ya Soko.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa wifi yangu Shahidi,

Pokea salamu zangu na za wanao wawili. Kabla sijasema lolote, mguu unaendeleaje? Wameshakutoa plasta, au bado unaburuta lile gogo jeupe? Daktari alikwambia usiukanyage mpaka akupe ruhusa, nami nakujua, utakuwa ulianza kuukanyaga pale tu alipokupa mgongo. Mkunga aliyezoea kuwaamuru wenzake walale chali hawezi kulala chali mwenyewe. Tafadhali lala. Na usingizi, unapata? Na yule jirani yako anayekuletea supu, bado anakuja? Mwambie huku kwetu anajulikana na anashukuriwa.

Sisi tu wazima wa mwili. Tunakula, tunalala, tunaamka. Mengine nitakueleza kadiri kalamu inavyokwenda.

Utauliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Nimekupigia, wifi, nawe umenipigia, na kila mara tumelia huku na huko mpaka salio likaisha, hatujaambiana hata neno moja la maana. Kwenye karatasi naweza kulia pembeni, nikajifuta, nikairudia sentensi yangu pale nilipoiacha.

Jambo moja nalimaliza hapa hapa. Usiniombe tena radhi kwa kutokuja kumzika kaka yako. Mtu ambaye mfupa wake umefungwa kwa vyuma hasafiri. Ndugu waliothubutu kunung'unika nimeshawajibu, na unajua ninavyojibu.

Sasa nina ombi, nami nitalitaja mapema kwa sababu sipendi waandishi wanaomzungusha msomaji kama mbuzi wa mnadani. Nataka mwisho wa ile hadithi ya mkaguzi wa mizani. Siutaki kwa ajili yangu. Anautaka Gramu.

Unakumbuka kaka yako alivyowapa watoto wetu majina ya kazini kwake, kwenye mizani. Wa kwanza alizaliwa mnene akaitwa Kilo. Wa pili alikuja kabla ya wakati wake, mdogo wa kulala kwenye kiganja, akaitwa Gramu. Kilo sasa ni mwanaume mwenye ndevu, anaendesha mashine ya kunyanyua mizigo ghalani, na amelia kama watu wanavyolia, akapoa, akalia tena. Gramu hakulia. Tangu tuliporudi makaburini anasema maneno ya lazima tu: ndiyo mama, nimekula, naenda shule. Akirudi shule anafungua karakana ya baba yake, anakaa kwenye kile kigoda cha chini, anasugua mawe ya mizani kwa kitambaa mpaka yanang'aa, kisha anafunga na kuja kula. Walimu wanasema darasani yuko vizuri. Walimu wakimwona mtoto ametulia huwa wanasema yuko vizuri.

Asubuhi moja alikuwa anafunga viatu mlangoni, akaniuliza bila kunitazama, "Mama, ile ya mkaguzi iliishaje?"

Mimi, wifi, niliyejibizana na mawaziri gazetini, niliyeitwa mahakamani nikajitetea mwenyewe, mimi ambaye hata nisichokijua sijawahi kukosa la kukisemea, nilisimama na kikombe mkononi nikakosa jibu. Akamaliza kufunga kamba, akaondoka. Ndilo swali pekee aliloniuliza tangu baba yake afe.

Unajua jinsi kaka yako alivyokuwa akiisimulia. Kuna mwenye duka aliyeikunja springi ya mizani yake ili sukari pungufu isomeke kilo nzima. Siku moja anamwona mkaguzi anakuja mtaani duka kwa duka. Hana mlango wa nyuma, hana pa kuificha, na mizani yenyewe ni ile kubwa ya magunia, bapa kwa juu, yenye uso wa mviringo chini. Anaitupia kanga ya mkewe na kuikalia kama stuli. Mkaguzi anaingia, anasalimia, anauliza mizani iko wapi. Mwenye duka anasema ameipeleka kwa fundi. Mkaguzi anatazama kushoto, anatazama kulia, kisha anaona mshale ukitetemeka katikati ya visigino vya mwenye duka. Anainama. Anasoma. Anainuka taratibu, anampima mwenye duka kwa macho tangu kidole cha mguu hadi utosini, na anasema...

Hapo ndipo kaka yako alipokuwa anafia. Hakuna siku aliyovuka neno hilo. Kicheko kilianzia mabegani bila sauti, macho yakajaa maji, akawa anapiga meza kwa kiganja na kutuonyesha kwa kidole kwamba tusubiri, subirini, inakuja. Haikuja. Sisi tulikuwa tumeshaanguka kwa kumcheka yeye, na kila mtu akaondoka ameshiba. Nimeishi naye kuanzia nikiwa msichana mwenye nywele nyeusi mpaka hizi mvi, na sijasikia mkaguzi alisema nini. Watoto walipombana akawa na jibu lake lile lile: "Mwisho anao Shahidi. Mwulizeni Shahidi, alikuwepo." Ndivyo alivyokuita sikuzote. Kila alichosimulia cha utotoni, shahidi wake alikuwa wewe, na wewe ulikuwa mbali.

Alisema hadithi hii mliisikia kwa baba yenu, mkiwa wadogo, jioni alipotoka ghalani alikokuwa karani wa mizani, nyinyi wawili mmelala kitanda kimoja na yeye ameketi ukingoni anavua soksi zenye vumbi la nafaka. Kwa hiyo wifi, unao. Niandikie neno hilo moja, hata kama ni la kipuuzi. Nitamsomea mtoto mlangoni, akifunga viatu.

Najua unataka kusikia alivyokwenda, maana ulichosikia kwenye simu ni kwikwi zangu.

Moyo ulikuwa umechoka, wakasema alazwe. Wodi ile ina vitanda vilivyobanana kiasi kwamba ukikunja goti unamgusa mwenzako. Kila asubuhi muuguzi alikuwa anakuja na mizani kuwapima wagonjwa kama wana maji mwilini. Unaweza kufikiria mtu aliyetengeneza mizani maisha yake yote, anasimamishwa juu ya mizani ya mwenzake. Alikuwa anaitazama kwanza kwa mashaka, anaigonga kwa kidole, anamwambia muuguzi, "Hii ina adabu, kila siku inanipunguzia kidogo bila kunitangaza." Muuguzi, mama mzima, mkali kwa wagonjwa wengine wote, akawa anachelewesha kitanda chake makusudi ili amalizie kwake.

Jioni ya mwisho alianza kumsimulia ile ya mkaguzi. Nilikuwepo, namenya chungwa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeuka upande wetu. Akafika pale pale, akaanza kutikisika, na kicheko kikageuka kikohozi, tukamwinua, tukampa maji. Alipotulia muuguzi akamuuliza, haya, alisemaje? Kaka yako akapangusa macho akasema, "Kesho."

Kesho yake asubuhi mshale wa mizani ulipanda, maji yalikuwa yamezidi mwilini. Mchana akaniomba nimgeuze upande wa dirisha. Nikamgeuza. Akasema hapo sawa. Nikadhani amelala, nikaendelea kushika mkono wake nikisoma gazeti la jirani kwa jicho moja, na sijui ni kwenye mstari gani aliondoka. Hakuguna, hakuaga. Huo ndio ukweli wote, wifi, hakuna kilichofichwa. Yule muuguzi alikuja mazishini na sare yake. Alisimama nyuma.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu kifo, unanijua nisivyopita jalada bila kulifungua. Vingi vimeandikwa na watu wasiowahi kufua shati la marehemu wakijiuliza kama wafue au waliache na jasho lake. Sikufua. Liko nyuma ya mlango.

Sasa mazishi. Utakuwa umesikia kwa watu, na watu wamekueleza vibaya, kwa hiyo nisikie mimi.

Kaka yenu mkubwa, Mwalimu Mkuu, ndiye aliyesimama kusema kwa niaba ya ukoo. Alivaa ile suti ya kustaafia. Akakunjua karatasi yake akasoma kwamba marehemu alikuwa mtu mkimya, mnyenyekevu, asiyependa maneno mengi, aliyeyachukua maisha kwa uzito. Nikangoja. Nikadhani ni utangulizi. Akaendelea: hakujulikana kwa mzaha. Wifi, watu waliokuja pale wote walimjua kwa mzaha. Wauza nyama, wauza nafaka, mabibi wa zahanati aliokuwa akiwatengenezea mizani za watoto, wote walikuwa wanatazamana. Nina hasira ya siku nyingi na hotuba hizi za makaburini zinazomwosha mtu mpaka anatoka rangi. Tunamchukua binadamu aliyekuwa na meno na sauti na chumvi, tunampaka chokaa, tunamwita mtu wa watu, tunamfukia. Maiti hana haki ya kujibu, ndiyo maana waoga wote wanakuwa wasemaji siku hiyo.

Nikasimama. Nikasema, "Shemeji, samahani, unamzika nani?"

Nilikuwa na mengine mengi ya kusema, na ningeyasema, lakini Kilo alinishika kiwiko akaninong'oneza, "Mama. Sifuri kwanza."

Nikakaa. Hilo neno unalijua? Sina hakika kama liliwahi kukufikia huko. Mizani ikiwa tupu, mshale lazima urudi kwenye sifuri kabla hujaweka chochote, vinginevyo kila utakachopima ni uongo. Kaka yako alilifanya kuwa sheria ya nyumba. Mtoto akiingia amenuna kutoka shule, "Sifuri kwanza, kisha utueleze." Mimi nikirudi kutoka gazetini nimevimba kama chura, mhariri amenikatia makala, alikuwa anainua kidole tu bila kusema, nami nakaa, navua viatu, kisha ndipo naanza kutukana. Aliniita Mheshimiwa Mpinzani. Makala zangu alikuwa anazipima kabla hazijaenda, nakuambia kweli, anaweka kurasa kwenye ile mizani ndogo ya shaba, anasubiri mshale utulie, kisha anasema kwa sura ya mganga, "Mheshimiwa, hii nzito. Nani kafa?" Nikimpa nyepesi anasema hii ipeleke ukurasa wa michezo.

Basi nilikaa, na Mwalimu Mkuu akamaliza karatasi yake kwa sauti iliyopungua. Tangu siku hiyo hakuja kwetu wala mimi sikwenda kwake. Ndugu wanasema nimemwaibisha mtu mzima mbele ya kaburi la mdogo wake. Nasema yeye ndiye aliyeanza kumwaibisha mdogo wake. Neno langu sijalirudisha mpaka sasa.

Turudi kwa Gramu. Usidhani nimekaa nikikungoja wewe tu. Nilikwenda karakana jirani kwa Bwana Nati, yule fundi wa baiskeli aliyekuwa akila na kaka yako mchana, nikamuuliza. Akakuna kichwa kwa mkono wenye grisi. Akasema yeye pia hakuwahi kufika mwisho, ila alijitungia wake: mkaguzi alisema, nifungie kilo tisini za uongo. Nikaupenda. Nikamletea Gramu. Akafikiri kidogo, akasema ni mzuri lakini baba asingetoa machozi kwa huo.

Kilo naye akaleta wake: mkaguzi alisema, sawa bosi, lakini tutoe uzito wa suruali. Gramu akatikisa kichwa.

Nikajaribu mimi. Nilikaa mezani kama ninavyokaa kwa makala, nikamwandikia mkaguzi maneno makali juu ya wanaowaibia maskini kwa gramu hamsini hamsini wakajenga ghorofa. Nikasoma kwa sauti. Gramu alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema, "Mama, hiyo siyo hadithi. Hiyo ni ya Jumatano." Jumatano ndiyo siku gazeti linapotoa makala yangu. Kilo alitoka nje kucheka. Gramu hakucheka.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Neno la kutungwa mtoto huyu atalijua. Ana sikio la baba yake, akigonga sahani ya shaba anajua kama ina ufa.

Naacha kidogo hapa, kuna mtu anagonga geti, na kwa anavyogonga, pigo moja, kimya, pigo moja, nadhani namjua.

Jumatano, tarehe 12

Wifi, naendelea. Nilifikiri kuichana sehemu ya juu na kuanza upya, kisha nikaona hapana, isome kama ilivyo.

Aliyegonga alikuwa Mwalimu Mkuu. Alikuwa amevaa shati la kawaida, nikagundua sijawahi kumwona bila koti, na mikono yake bila koti ni ya mzee. Nilikuwa na maneno yangu tayari tangu makaburini, yamepangwa, yamenolewa. Nikafungua geti. Nikasimama. Nikasema moyoni sifuri, sifuri, sifuri, kama mtu anayejaribu kukumbuka sala. Nikamkaribisha ndani.

Alikataa kukaa kwenye kiti cha kaka yako ingawa ndicho kilichokuwa karibu. Alichukua kiti cha dirishani. Tukanywa chai. Tukaulizana hali za watoto, hali za watoto wa watoto, bei ya unga, mvua. Kisha Gramu akatoka karakana na kitambaa chake begani, akamwamkia baba yake mkubwa, na bila kukaa akamuuliza swali lake. Moja kwa moja. Baba mkubwa, ile ya mkaguzi wa mizani iliishaje?

Nikafumba macho. Nilijua atasema yeye hana muda na mizaha.

Nikayafumbua. Alikuwa ameishika sahani ya kikombe kwa mikono miwili. Akasema, "Hadithi ipi, mwanangu?"

Hakuijua, wifi. Hakuijua hata mwanzo wake.

Akatueleza, kwa ile sauti yake ya gwaride la asubuhi shuleni, ila safari hii ilikuwa inakwama kwama. Alipelekwa bweni akiwa bado mdogo sana, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye aliyetakiwa kutoka. Akirudi likizo alikuwa anawakuta nyinyi wawili chumbani na baba, mnacheka. Akiingia mlangoni baba anainuka kitandani, anavaa soksi, anamuuliza habari za masomo. Kila mara. Alikuwa anasimama na sanduku lake, anajibu alama za hesabu, huku nyinyi mmejifunika shuka mnajizuia. Alidhani mnamcheka yeye. Alidhani hivyo kwa miaka mingi, mpaka akawa mtu mzima, na mdogo wake alipokuwa karibu naye akawa mkimya, kwa kuwa hakujua namna ya kumtania kaka aliyekuja na sanduku.

Kisha akanigeukia. Akasema, "Shemeji, uliniuliza namzika nani. Nilimzika yule niliyepewa."

Hotuba ile bado naiona mbaya, nisikufiche, na siku nikiandika juu ya hotuba za makaburini itakuwemo bila jina lake. Lakini nilinyanyuka nikamwongezea chai, nikaweka sukari mwenyewe.

Akamwomba Gramu amsimulie hadithi hiyo mpaka pale inapojulikana. Alisema kwa adabu kabisa, kama mtu anayeomba kuketi kwenye benchi la watu.

Gramu akasimama mbele yake na kitambaa begani. Alianza kwa sauti ndogo, ile ya ndiyo mama nimekula. Springi, sukari, mkaguzi duka kwa duka. Alipofika kwenye kanga ya mke alivuta kitambaa begani akakitandaza juu ya kigoda cha jikoni na kukikalia, kama baba yake alivyokuwa akifanya kwa taulo. Kilo alikuwa ameingia kutoka zamu ya Jumapili, amesimama mlangoni na helmeti mkononi, hajasogea. Mkaguzi akaingia, akasalimia. Mizani iko wapi? Nimeipeleka kwa fundi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, mshale unatetemeka kati ya visigino. Akainama. Akasoma. Akainuka taratibu. Gramu akamtazama baba yake mkubwa kuanzia viatu, magoti, vifungo vya shati, mpaka kwenye upara, na kusema, "Mkaguzi akasema..."

Nikaona mabega yake.

Yalianza bila sauti, wifi, vile vile. Kisha macho yakajaa. Kisha akainua kidole, subirini, inakuja, na kiganja kikapiga ubao wa kigoda, na sauti iliyomtoka sikuwa nimeisikia ndani ya nyumba hii tangu tulipompeleka wodini. Ilikuwa ni ile. Kilo aliangusha helmeti. Gramu alicheka mpaka akateleza kwenye kigoda akakaa chini sakafuni, na huko chini kicheko kikageuka, kikawa kilio, cha kifuani, cha mtoto mdogo, na Kilo akapiga magoti akamkumbatia. Nilitaka kwenda. Nikawaacha wenyewe.

Mwalimu Mkuu alikuwa amevua miwani. Alikuwa anacheka, vibaya, kama mtu anayejifunza kuogelea ukubwani, anameza na kukohoa, na machozi yanamshuka kwenye mashavu hayo ambayo nafikiri hakuna mwanafunzi aliyewahi kuyaona yakilowa. Akawa anarudia, "Alisemaje? Enhe, alisemaje?" na kila akirudia Gramu anaanza upya huko chini.

Hakukaa sana baada ya hapo. Mlangoni aliniambia nikiupata mwisho nimwambie na yeye.

Asubuhi ya leo Gramu alikula mkate mzima na kuniambia kwamba karakana kuna panya. Ni sentensi ya kawaida, najua. Niandikie kwamba umeelewa kwa nini naiweka kwenye barua.

Kwa hiyo, Shahidi, ombi langu la Jumapili nalifuta. Usiniandikie mwisho ule. Usiutume kwa simu wala kwa mtu. Mguu ukipona, na upone taratibu, njoo nao wewe mwenyewe. Chumba cha nyuma tumekisafisha. Tutamwita kaka yenu mkubwa, tutamkalisha karibu nawe, kwa kuwa anakudai kitanda kile na shuka lile. Utavua viatu, utarudi sifuri, kisha utasimulia. Ukifika kwenye neno lenyewe na ukaanza kucheka kabla hujalitamka, hakuna mtu katika nyumba hii atakayekulaumu.

Na kama hata wewe huujui, kama baba yenu naye alikuwa anaanguka pale pale na soksi mkononi, njoo hivyo hivyo. Tutajua ni ugonjwa wa ukoo.

Kilo anakusalimu sana, anasema usinunue viatu vyenye visigino. Gramu anakusalimu, barua hii ataipima yeye kwenye mizani ya shaba kabla ya kuipeleka posta, na ameshaniambia ni nzito. Bwana Nati anakuamkia. Mwalimu Mkuu hajaniagiza salamu, kwa kuwa hajui kama utazipokea, kwa hiyo nakutumia bila ruhusa yake. Msalimie jirani wa supu.

Mungu auunge mfupa wako, akuonyeshe njia ya kurudi, na amlaze kaka yako pale ambapo wanaomzunguka wana subira ya kungoja afike mwisho.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda hata nikiwa nimenyamaza,

Mheshimiwa Mpinzani